Soketi za chumba kimoja ziko chini sentimita 7 kuliko nyumba nzima. Nani amekosea?

#1 MjengoKiamunyi
Wakuu, salamu. Niko Kiamunyi hapa Nakuru, nyumba ya vyumba vitatu. Plasta imekwisha, sakafu ya simiti imemwagwa, taili zinaingia wiki ijayo. Jumamosi nimezunguka na tepu. Sebuleni, koridoni na chumba kikubwa, boksi za soketi ziko sentimita 45 kutoka sakafuni nikipima hadi katikati ya boksi. Moja mbili ni 44, sitaki ugomvi. Chumba cha watoto ni 38. Boksi nne, zote 38. Si kwamba moja imeteleza.

Fundi wa stima anasema "hiyo ni standadi, bosi, ukiweka kitanda hutaiona." Fundi wa plasta anasema ni sakafu. Mke wangu anasema ni mimi sikuwepo siku hiyo.

Naomba kujua: standadi ni ipi hasa? Hizi sentimita 7 zimetoka wapi? Na je, nibomoe au ninyamaze?

#2 SpanaMkononi
Weka kitanda. Uzi umeisha.

#3 FundiLanet
@Spana acha mzaha, mtu ametoa pesa yake.

Bosi, nimefunga stima Nakuru miaka kumi na nane, kuanzia Lanet hadi Njoro. Tunavyofanya: soketi 45, swichi 120, soketi za jikoni sentimita 15 juu ya meza ya kupikia. Boksi ni za aina mbili kwa inchi, tatu kwa tatu ya swichi na soketi moja, tatu kwa sita ya soketi pacha.

Sasa fanya hesabu. Boksi ina kimo cha milimita 75. Fundi alichora mstari, kijana wa tindo akachonga. Vyumba vingine boksi imekalia mstari, chumba cha watoto imening'inia chini ya mstari. Tofauti hapo ni 7.5. Mwite huyo kijana.

#4 MamaPloti
Mimi si fundi, ni mwenye nyumba. Nina vyumba sita vya kupangisha Free Area na soketi zote nimesema 60. Mwanzoni zilikuwa 30, na kila Jumamosi asubuhi breka inaruka kwa sababu mpangaji anaosha sakafu kwa ndoo, anamwaga maji kama anaosha matatu. Halafu sofa inasukumwa ukutani inakunja plagi. Aliyeandika 45 hajawahi kupangisha.

#5 MajiYaNyando
Mama, 60 kwenu ni anasa, kwetu ni lazima. Niko karibu na Ahero. Mwaka 2020 maji yaliingia sebuleni usiku, asubuhi soketi zote za chini zilikuwa zimejaa tope. Nilipokarabati nikasema basi, kila soketi mita 1.2, sawa na swichi. Wageni wanacheka, wanauliza kama naishi na twiga.

Ila kupandisha boksi peke yake hakutoshi. Waya zangu za zamani zilikuwa zinapita ndani ya sakafu halafu zinapanda. Maji yaliingia kwenye kondiuti, yale mabomba ya kupitishia waya, yakakaa huko wiki kadhaa. Sasa zinashuka kutoka darini. Hilo nimelijifunza kwa machozi.

#6 KiatuChaMwariki
@MajiYaNyando usidhani ni huko kwenu nyanda za Kano tu. Sisi wa Mwariki tuliona Ziwa Nakuru likija taratibu mwaka hadi mwaka mpaka likaingia kwenye viwanja vya watu. Pale hata 1.2 haikusaidia, watu walihama na soketi zao.

#7 MzeeWaRelwe
Vijana, hizi 45 mnazozitaja kama amri za Musa ni za juzi. Nimekulia kwenye nyumba za reli hapa Nakuru. Soketi zilikuwa za pini za duara, za ampea 5 na ampea 15, zimekaa chini kabisa kwenye ubao wa ukutani unaogusana na sakafu. Swichi zilikuwa begani kwa mtu mzima, mtoto ulingoja ukue ndipo uwashe taa. Zile soketi za mraba za ampea 13 zina standadi ya Mwingereza ya mwaka 1947, lakini nyumbani kwetu zilifika mimi nikiwa darasa la sita.

Kwa hiyo ukiuliza "standadi ni ipi", uliza pia "ya mwaka gani".

#8 KakaWaKitale
Ndugu yangu yuko Minnesota anafunga stima za nyumba. Kule kuta ni za mbao. Wanasema kipimo ni nyundo: unaisimamisha sakafuni, boksi unaiweka juu ya mpini, unapigilia msumari. Hakuna tepu. Labda huyo fundi wako ana nyundo mbili.

#9 FundiLanet
Nyundo yangu ni sentimita 30 na mpini umepasuka. Kwa kipimo hicho nyumba zote za Lanet zingekuwa na soketi za paka.

#10 DadaStima_Kondele
Naomba niwasahihishe kidogo, nikianza na @FundiLanet ambaye mengi amepatia.

Hizo 45 na 120 zinatoka kwenye kanuni za majengo za Uingereza, Sehemu M, ile ya majengo kufikika na watu wote. Ilianza kugusa nyumba mpya za kuishi mwaka 1999. Inasema soketi na swichi ziwe KATI YA milimita 450 na 1200 kutoka sakafuni. Ni mipaka ya chini na ya juu. Mafundi wakachukua mipaka wakaifanya ndiyo kipimo: soketi zote zikagandishwa kwenye mpaka wa chini, swichi zote kwenye mpaka wa juu. Soketi ya @MamaPloti ya 60 iko ndani ya kanuni kuliko ya mtu yeyote hapa.

Pili, boksi ya "tatu kwa sita" haina inchi sita. Ipimeni. Ni milimita 135 kwa 75, inchi tano na robo na kidogo. Kifuniko chake ndicho kina 146 kwa 86. Ya tatu kwa tatu ina 75 kwa 75, kifuniko 86 kwa 86. Jina la dukani ni jina tu.

#11 SpanaMkononi
Yaani miaka yote hii nimenunua inchi sita nikapewa tano na robo? Nataka change yangu.

#12 PlastaMaster
Ninyi watu wa waya mnapenda kusingiziana wenyewe kwa wenyewe, jibu ni sakafu. Nyumba nzima boksi ziliwekwa baada ya sakafu kumwagwa. Chumba cha watoto ziliwekwa kabla. 45 toa sakafu, unabaki na 38. Nimeliona mara mia.

#13 FundiLanet
@PlastaMaster sakafu ya sentimita 7? Hiyo ni sakafu au ni slabu ya pili? Kawaida ni nne, tano ukizidi.

#14 PlastaMaster
Kama slabu ilikuwa na bonde pale, unajaza hata nane. Mwulize aliyemwaga slabu, usiniulize mimi.

#15 Tatu_kwa_Tatu
Nami nina wazo. Mawe. Uingereza tofali la ukuta pamoja na udongo wake ni milimita 225, mistari miwili ni 450. Nadhani ndiyo maana ya 45, fundi anahesabu mistari miwili ya tofali, anaweka boksi, hakati jiwe mara mbili. Huko kwako je, umehesabu mistari?

#16 FundiLanet
Jiwe letu la mashine ni inchi tisa kwa kimo lakini udongo wa katikati unaweza kuwa nusu inchi au inchi nzima, inategemea fundi ameamkaje. Mistari miwili inaenda 48, 50. Na boksi ikikaa kwenye kiungo udongo unabomoka, mimi huwa nachonga katikati ya jiwe. Kwa hiyo tofali la Mwingereza halituhusu sana. Lakini wazo si baya.

#17 MagurudumuKakamega
Nasoma tu, ila hapa kwenye Sehemu M niseme. Natumia kiti cha magurudumu. Soketi ya 30 kwangu ni kama haipo, nikiinama nabaki nimening'inia kwa mkono mmoja. 45 naifikia kwa shida, 60 vizuri. Swichi ya 120 sawa, ya 150 nawasha kwa fimbo ya mwavuli, na si utani.

Kitu ambacho hakuna fundi ananisikiliza ni kona. Soketi ikiwekwa kwenye kona kabisa, pedali za kiti zinagonga ukuta kabla mkono haujafika. Isogezeni angalau sentimita 35 kutoka konani. Haigharimu kitu kama ukuta haujapigwa plasta. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iligusa majengo ya umma, lakini na mimi hualikwa chai majumbani.

#18 MamaPloti
@Magurudumu asante. Nyumba ya saba ninajenga mwaka huu, hiyo 35 nimeiandika ukutani kwa chaki.

#19 MjengoKiamunyi
Nimerudi. Nimepima tena jioni hii kwa sababu mmenichanganya.

Kwanza, swichi ya chumba cha watoto ni 120 kamili, sawa na vyumba vingine.
Pili, nilichokonoa sakafu karibu na mlango, ni sentimita 5. Dirishani sikuchokonoa.
Tatu, mistari ya mawe sionekani, plasta imeshafunika. (Siyo mimi sionekani, mistari haionekani.)

#20 DadaStima_Kondele
Basi hoja ya sakafu inachechemea. Kama sakafu ingepanda, swichi nayo ingeshuka kwa kipimo hichohicho. Ukuta mmoja, sakafu moja.

#21 PlastaMaster
Si lazima. Swichi na soketi haziwekwi siku moja. Siku ya swichi sakafu ilikuwepo, siku ya soketi haikuwepo.

#22 FundiLanet
Nani huchonga chumba kimoja mara mbili? Grinda inakodishwa kwa siku.

#23 PlastaMaster
Fundi aliyeishiwa boksi za tatu kwa sita. Anaweka za swichi, anangoja bosi atume pesa. @MjengoKiamunyi ulichelewesha pesa?

#24 MjengoKiamunyi
Hilo swali silijibu hadharani.

#25 SpanaMkononi
Kesi imekaribia kuisha, mshtakiwa ni mleta uzi 😂

#26 Msomi_Egerton
Tukirudi kwa @FundiLanet #3. Boksi moja juu ya mstari na nyingine chini ya mstari, mstari ulikuwa wapi? Katikati ya 45 na 38 ni 41.5. Nani anakata kijiti cha kupimia cha 41.5? Hoja inahesabika vizuri kwa tofauti, lakini haihesabiki kwa mstari wenyewe.

#27 FundiLanet
Egerton mmeanza. Kijiti kinakatwa kwa macho, si kwa kalkuleta. Na tena mstari unaweza kuchorwa kutoka juu. Mimi huzungusha mstari wa mita moja nyumba nzima kwa mpira wa maji, ule wa kupimia usawa, naushukia. Ukikosea kusoma 55 ukasoma 62, chumba kizima kinashuka 7. Kosa la kusoma tepu.

#28 Msomi_Egerton
Hiyo sasa ni hoja ya nne. Hongera.

#29 MzeeWaRelwe
Mpira wa maji ni kitu cha heshima. Vijana wa leo na leza zao, betri ikiisha wanakaa chini.

#30 Tatu_kwa_Tatu
Kuna jambo hamjaliona. Taili bado. Gundi na taili ni kama sentimita moja na nusu. Zile soketi "nzuri" za 45 zitakuwa 43.5, za watoto 36.5. Kwa hiyo kwa kanuni ya @DadaStima nyumba NZIMA iko chini ya mpaka. Chumba cha watoto kimezidi tu.

#31 MjengoKiamunyi
Nilikuwa na shida ya chumba kimoja. Sasa nina ya nyumba nzima. Asanteni sana.

#32 DadaStima_Kondele
Usihofu. Hiyo ni kanuni ya Uingereza, hakuna mtu wa kuja Kiamunyi na rula. Ndiyo maana lakini husemwa "sakafu iliyokamilika". Neno hilo moja ndilo linaleta ugomvi wote kwenye mijengo. Mimi siku ya kwanza humwuliza mwenye nyumba: unaweka taili, mbao au simiti ya kung'arisha? Asipojua naongeza sentimita 2 naendelea. Na kuna ugomvi mwingine mdogo, kama 450 ni hadi katikati ya soketi au hadi ukingo wake wa chini. Ukiuliza mafundi wawili utapata majibu matatu.

#33 KakaWaKitale
Nimemwuliza ndugu yangu habari ya sentimita. Anasema kule urefu kutoka sakafuni hauwasumbui sana, kinachokaguliwa ni umbali: hakuna sehemu ya ukuta iwe zaidi ya futi sita kutoka kwenye soketi. Taa ya mezani ina kamba fupi, ndiyo sababu. Na kingine wanachokagua ni nafasi ndani ya boksi. Kila waya unahesabiwa inchi za ujazo, waya mwembamba inchi 2, mnene kidogo inchi 2 na robo. Boksi ikijaa mkaguzi anakukataza kuifunga.

#34 FundiLanet
Hapo sasa mmegusa jambo kubwa kuliko hizo sentimita 7. Kina cha boksi.

Zinauzwa za kina cha milimita 16, 25, 35 na 47. Ya 16 ni ya swichi ya taa peke yake. Soketi inataka 25 kwenda juu. Soketi pacha iliyo katikati ya mzunguko ina waya mbili za 2.5 (milimita za mraba) zinaingia kila terminali, vile vibana waya vitatu vya nyuma, ukichepua tawi zinakuwa tatu. Soketi nzuri ya Mwingereza imetengenezwa terminali yake ipokee waya tatu za 2.5, kwa hiyo terminali haina shida. Shida ni boksi. Ukizikunja waya sita au tisa kwenye 25 halafu ukaze skrubu, waya unarudi nyuma unachomoka kwenye terminali, nje huoni. Baada ya miezi soketi inaanza kuwa ya kahawia. Mwenye nyumba analaumu pasi.

Mimi siku hizi tatu kwa sita zote naweka 35. Swichi ya jiko na ya shawa ya umeme, ile kubwa ya ampea 45, 47. Waya wa 6 au wa 10 haukunjiki kama kamba ya kiatu.

#35 DadaStima_Kondele
Naunga mkono mia kwa mia. Na soketi hizi mpya zenye tundu za kuchaji simu zina mgongo mnene, nyingine 25 haziingii kabisa. Mteja wangu wa Mamboleo alinunua kumi, tukatoa boksi kumi ukutani na plasta ilikuwa imepakwa rangi.

#36 BoksiYaPlastiki
Chuma au plastiki? Duka moja hapa mjini wananiambia chuma ni ya zamani.

#37 FundiLanet
Chuma. Masikio ya plastiki yanakatika ukikaza mara mbili. Chuma ina sikio moja linalosogea, unaweza kunyoosha soketi hata kama boksi imekaa upande. Lakini chuma lazima iungwe athi (waya wa ardhini), weka kipande cha waya kutoka boksi hadi terminali ya athi ya soketi. Na tundu la kupitishia waya livishwe mpira, makali ya chuma yanakata.

#38 MajiYaNyando
Huku kwetu chuma inaliwa na kutu baada ya mafuriko moja. Plastiki inaoshwa, inarudi. Kila mtu na nchi yake.

#39 BoksiYaPlastiki
Na kwa nini nimenunua boksi na soketi duka moja, skrubu haziingii? Zinaingia nusu zinagoma.

#40 Tatu_kwa_Tatu
Nimekutana nalo. Mashimo yanalingana, unene wa skrubu haulingani. Ya Mwingereza ni M3.5, yaani unene wa milimita 3.5. Kuna boksi zinazotoka China ambazo kifuniko ni hichohicho cha 86 lakini uzi wake ni M4. Ukilazimisha M4 kwenye M3.5 unaharibu boksi, ukiweka M3.5 kwenye M4 inacheza cheza hadi soketi ianguke. Nunua vyote vya nchi moja.

Na kwa wapenda mambo madogo: kati ya tundu na tundu la skrubu ni milimita 60.3, na kwenye pacha 120.6, mara mbili yake kamili. Hiyo pointi tatu imetoka kwenye inchi, mbili na thumni tatu. Mwingereza alihamia milimita akaacha inchi kwenye begi.

#41 Msomi_Egerton
Hili la inchi kwenye begi nimelipenda. Ujerumani je? Nilikaa huko miaka miwili, boksi zao ni duara.

#42 Tatu_kwa_Tatu
Duara la milimita 60, na zikipangwa pamoja katikati hadi katikati ni 71. Unatoboa kwa drili ya kikombe, umemaliza. Hakuna kuchonga pembe nne kwa tindo. Hapo Mjerumani ametushinda.

#43 FundiLanet
Aje atoboe duara kwenye jiwe la Nakuru kwanza.

#44 MamaPloti
Naomba kuuliza kando. Ile boksi kubwa ya breka inafaa iwe juu kiasi gani? Fundi wangu aliweka karibu na dari ati watoto wasifikie. Stima ikiruka usiku mimi nabeba ngazi.

#45 DadaStima_Kondele
Ishushe. Uingereza nyumba mpya wanaiweka ili swichi zake ziwe kati ya milimita 1350 na 1450 kutoka sakafuni. Kimo cha mtu mzima kuona na kufikia bila ngazi, mtoto mdogo haigusi.

#46 MamaPloti
Na soketi za watoto? Nimenunua zile plastiki za kuziba matundu.

#47 DadaStima_Kondele
Zitupe. Soketi ya pini tatu za mraba ina milango ndani, pini ndefu ya athi ndiyo inaifungua. Mtoto akitia msumari tundu moja la chini hakuna kitu. Ile plagi ya plastiki ndiyo yenye pini ndefu. Ikivunjika au mtoto akiiingiza kichwa chini, inafungua milango. Mwaka 2016 wizara ya afya ya Uingereza iliziambia hospitali zake ziache kuzitumia. Kwa hiyo pia hoja ya "tupandishe soketi kwa ajili ya watoto" haina nguvu sana kama soketi yenyewe ni ya kweli. Angalia alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na jaribu kusukuma tundu la chini na bisibisi dukani kabla ya kulipa. Likikubali, rudisha.

#48 MzeeWaRelwe
Jaribio la bisibisi lifanyike dukani soketi ikiwa mkononi, si nyumbani ikiwa ukutani. Nasema tu, nawajua.

#49 SpanaMkononi
Mzee ametuona.

#50 MagurudumuKakamega
Kuna mtu ameuliza watoto wenyewe wana umri gani? Kama wataweka meza ya kusomea ukutani, 38 iko chini ya meza. Kila siku watapiga magoti kuchaji. Ningeweka moja juu ya meza, kama 90 au mita moja, zile tatu ziachwe.

#51 MjengoKiamunyi
Wana tisa na kumi na mbili. Wazo lako ndilo la maana kuliko yote, nimemwonyesha mama yao.

Sasa habari mpya. Leo nimempata fundi na kijana wake pamoja. Kijiti chao cha kupimia kipo, ni kipande cha kondiuti, nimekipima mbele yao: 45 kasoro milimita nne. Hakijakatwa. Kijana wa tindo anasema yeye alifuata mstari. Fundi anasema mstari hakuchora yeye, siku hiyo alikwenda mazishi Molo, alichora "yule mwingine" ambaye simfahamu na hayuko tena Nakuru.

Halafu ndipo fundi akasema nilipiga simu nikamwambia soketi za watoto zishushwe wafikie vizuri. Sikupiga. Nikamwuliza mke wangu. Anasema yeye alipiga, lakini alisema zile za watoto ZIPANDISHWE, kwa sababu ya meza.

#52 FundiLanet
Simu kwenye mjengo, na grinda inalia nyuma. Bosi, hapo hata mimi ningesikia nusu.

#53 PlastaMaster
Bado nasema chokonoa sakafu upande wa dirisha.

#54 Msomi_Egerton
Hoja ni sita sasa: mstari, sakafu, mawe, tepu, yule mwingine, simu. Nyundo ya Minnesota nimeiacha kwa heshima.

#55 MjengoKiamunyi
Sichokonoi tena. Ijumaa wanachonga boksi moja mpya ya sentimita 95 kwenye ukuta wa meza, waya unashuka kutoka darini kama alivyosema wa Ahero. Tatu zinabaki 38. Ya nne inazibwa kwa kifuniko kitupu.

#56 Tatu_kwa_Tatu
Kifuniko kitupu sawa, lakini zile waya za ndani ziungwe kwa konekta ndani ya boksi, kila rangi yake, usiache zimesokotwa na tepu nyeusi. Na usiizibe kwa plasta, siku moja mtaitafuta.

#57 MjengoKiamunyi
Nimeelewa. Kuna mtu anajua Nakuru mjini nitapata wapi tatu kwa sita ya chuma ya kina cha 35? Maduka matatu leo wamenipa 25 wakaniapia ni 35.

#58 SpanaMkononi
Nenda na tepu.